Keria Tupu

Leo tanuri la Bi Fadhina limepasuka kifuani,
hakuna mkate.
Nimeamka saa kumi kwa mazoea, nikakaa ukingoni mwa kitanda
nikisubiri mgongo uulize tunaanza lini.
Haukuuliza.
Basi saa tatu, jua likiwa limeshanawa uso,
nimeitoa baiskeli bila kreti.

Miaka kumi na moja, Mtwara hadi Mikindani,
mikate themanini nyuma, turubai, kamba ya mpira,
na macho yangu yote matatu
(mawili ya usoni, na lile la makalio)
yakilichunga shimo lijalo.

Keria tupu ina wazimu wake.
Mita mia za kwanza usukani ulipepesuka
kama mbuzi aliyefunguliwa kamba
asijue aipeleke wapi shingo.
Mbele ya gereji ya Mnalimi nikacheka peke yangu.
"Kuchele! Mikate iko wapi?"
"Haipo."
"Sasa unakwenda wapi?"
Nikapiga kengele. Jibu jingine sikuwa nalo.

Barabara hapa imelala chali.
Unakanyaga mara tatu, unapumzika mara tano,
mnyororo unasema chiri, chiri, kisha unanyamaza,
na kinachobaki ni tairi na lami
vikinong'onezana habari za watu wengine.

Mikorosho imeinama mpaka viwiko vimegusa mchanga.
Kumbe mabibo yana harufu mbili,
moja ya sukari, moja ya kulewa,
na kutoka moja hadi nyingine
ni kama mizunguko kumi ya gurudumu.
Hilo sikulijua.
Alfajiri ninayopita mimi, pua imejaa hamira.

Somoe yuko kando ya lami na sufuria lake la ming'oko.
Mteja wangu wa mikate miwili, mmoja wa deni.
"Umeugua?"
"Sijaugua."
"Umefiwa?"
"Natembea tu."
Akaitazama miguu yangu, akayatazama magurudumu,
akanimenyea ming'oko mitatu asitake hela,
kama anavyolishwa mgonjwa
anayekataa kusema panapouma.

Mkono wa kulia, mabwawa ya chumvi.
Kijana anaikokota chumvi kwa ubao wenye mpini,
anarudi kinyumenyume, hageuki,
nyayo zake anazifuta mwenyewe.
Nimepita hapa mara elfu ngapi?
Nilipajua kama giza lenye upepo.

Na upepo, mdai wangu wa siku nyingi,
aliyekuwa akilizaba kreti kofi kila kona,
leo kaingia ndani ya shati, kalijaza,
kanipa kitambi cha tajiri.
Nikaachia mikono.
Nina miaka arobaini na sita, watoto wanne,
nikaachia mikono yote miwili,
sekunde sita hivi, labda saba,
lori la saruji likanipita na honi ndefu.
Tusi au salamu, sijui.
Niliipokea kama salamu.

Mikindani nikafika shati kavu
na nikakosa la kufanya.
Kawaida nafungua turubai, nahesabu, nagombana na chenji.
Watoto walikuja mbio, wakazunguka nyuma,
wakakuta vyuma, kutu,
na chenga za mkate wa jana. Wakazila.
Mmoja, mwenye pengo mbele, akauliza,
"Leo umeleta nini?"
Nikageuka kuitazama keria
kana kwamba huenda imeleta kitu bila kuniambia.
Alipoona nasitasita, akapanda.
"Basi nipeleke pale."
"Pale wapi?"
Akanyoosha kidole mahali pasipo na duka wala nyumba,
barabara tu, na weupe wa jua juu yake.

Uzito wake haufiki mikate ishirini.
Usukani ukatulia.
"Polepole," akasema, "pale ni mbali."